Mdogo wangu alikaa miezi minne bila unga, kaona karatasi ya sigara tu karudia. Nisaidieni jamani

DadaMkubwa: Habari zenu wakuu. Mdogo wangu katumia unga, yaani heroini, miaka sita, tukampeleka soba, nyumba ya kuwasaidia watu kuacha unga, akatoka kanenepa, anakula, anacheka na watoto. Juzi kafika mgeni kaacha pakiti ya sigara mezani, dogo akachomoa ile karatasi ya kung'aa ya ndani akaishika tu. Mikono ikaloa jasho, akaanza kupiga miayo mfululizo, machozi yanamtoka kama mwenye mafua. Usiku hakulala nyumbani, leo karudi mboni za macho zimekuwa nukta. Baba anasema kajitakia, aondoke. Mimi sielewi, arosto, yale mateso ya mwili ukikosa unga, si iliisha zamani? Nini kinamrudisha?

Mdau_wa_Afya: Pole sana dada. Arosto iliisha kweli ila ubongo haujasahau. Kuna kemikali inaitwa dopamini, kazi yake kukuambia hiki ni muhimu, kirudie. Unga ukifika kichwani unageuka mofini, unakaa kwenye vipokezi, yaani vijisehemu vya kupokea kemikali, ambavyo mwili uliviweka kwa ajili ya dawa zake wenyewe za maumivu, dopamini inamwagika kuliko chakula au mapenzi vinavyoweza kuimwaga. Ubongo unajihami, vipokezi vinakuwa sugu, ndo maana kete inaongezeka kila siku na vitu vya kawaida vinakosa ladha. Na unakariri kila kilichokuwa karibu, karatasi, kiberiti, harufu. Ile miayo na machozi ni mwili kujiandaa kwa unga ambao haujaja bado.

Mzee_Safi: Mimi mwaka wa tisa huu sijagusa na bado kuna kona sipiti. Akili inakataa huku miguu inakwenda, aliyepitia ananielewa. Wale wanajeshi wa Marekani waliotoka Vietnam 1971, karibu mmoja kati ya watano alisema alikuwa teja wa heroini kule, lakini wengi waliporudi kwao hawakuendelea, maana yale mazingira waliyaacha huko. Dogo wako karudishwa palepale, vijiwe vilevile na namba zilezile kwenye simu. Tuanzie hapo kabla ya kusema hana msimamo.

Nesi_Mama: Dada nakuomba usome hii kwanza. Baada ya miezi minne mwili umepoteza ule usugu, kiasi alichozoea zamani sasa kinaweza kumuua, pumzi inakata akiwa usingizini. Ukimwona anakoroma kwa ajabu, midomo imebadilika rangi, ukimtikisa haamki, ita msaada hapohapo, mlaze ubavu, na kama kuna nalokisoni, dawa ya kuondoa nguvu ya unga mwilini, apewe. Mkimfukuza atavutia peke yake mahali ambapo hakuna wa kumtikisa. Muulizieni methadoni, dawa wanayopewa kliniki badala ya unga.

Kijana99: Methadoni si ni kubadilisha tu uteja?

Nesi_Mama: Hapana mwanangu. Inakaa kwenye vipokezi vilevile ila inapanda taratibu na dozi moja inashika siku nzima, hakuna kulewa na kuanguka mara nne kwa siku. Mtu anapata akili ya kwenda kazini. Wanaokaa kwenye dawa hufa wachache kuliko wanaoiacha, nimewaona kwa macho yangu.

DadaMkubwa: Nimemsomea baba yote haya, kanyamaza muda mrefu halafu kasema basi alale. Nimeingia chumbani sasa hivi, nimemtikisa kaamka kaniuliza saa ngapi. Nimemgeuza ubavu, nakaa hapa hapa mlangoni, asubuhi tunaenda wote kliniki.