Rasimu ya sheria ndogo ya ujenzi kwenye mji mdogo wetu: mwenyekiti wa kitongoji nisimamie wapi?

Mwenyekiti wa Migombani

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwenyekiti wa kitongoji, nilichaguliwa kwenye ule uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024. Kitongoji changu kimo ndani ya mamlaka ya mji mdogo mmoja huku Kagera (jina la mji naliacha, tunafahamiana mno). Kwa hiyo nami ni mjumbe wa mamlaka, pamoja na wenyeviti wenzangu.

Kikao kijacho ajenda kubwa ni rasimu ya sheria ndogo za udhibiti wa ujenzi. Nimeisoma yote. Inasema hakuna kuchimba msingi bila kibali. Ramani lazima iwe na mhuri wa mbunifu majengo aliyesajiliwa, hata kama ni chumba na sebule. Nyumba ikae mita 3 kutoka mpakani, pande zote nne. Zinazotazama barabara kuu zijengwe kwa tofali za saruji tu, za kuchoma marufuku. Na nyumba zilizopo ambazo hazijatimiza hayo "zirekebishwe ndani ya miezi sita", la sivyo faini.

Sasa wakuu, vibanja vyetu ni vya urithi. Mzee alikuwa na kibanja kimoja, watoto wakagawana, leo mtu ana kipande cha mita 12 kwa 20, na hapo hapo ana migomba na makaburi ya ukoo. Ukitoa mita 3 kila upande anabakiwa na upana wa mita 6. Hao ndio walionipa kura.

Upande wa pili, tetemeko la 2016 nililiona kwa macho. Kuta zililala chini mtaa mzima. Kwa hiyo siwezi kusema watu wajenge tu wanavyotaka.

Niseme wazi pia kwamba nina tanuru la tofali za kuchoma.

Mtendaji anataka tupitishe siku hiyo hiyo, anasema wenzetu wa miji mingine wameshapitisha. Nikubali, nipinge, au kuna namna nyingine?

---

Mzee wa Baraza

Kataa. Mrija mwingine huo. Kibali leo, kesho ushuru wa kupaka rangi.

---

Ramani Mkononi

Mwenyekiti, shikamoo. Nilifanya kazi mipango miji kwenye halmashauri mpaka nikastaafu, nitakwambia ninayoyajua.

Kwanza, kibali cha ujenzi hakianzii kwenu. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inataka mtu apate idhini kabla ya kuendeleza ardhi ndani ya eneo lililotangazwa kuwa la mipango miji. Kwa hiyo anayekwambia "tukikataa rasimu watu wetu watajenga bila kibali" anakupotosha, na anayesema "tukiikubali ndiyo tunaleta kibali" anakupotosha vilevile. Swali la kumuuliza mtendaji ni hili: mji wetu umeshatangazwa? Michoro ya mipango miji ipo na imeidhinishwa? Kama michoro haipo, hizo mita 3 mtazipima kutoka mpaka gani, wa mgomba au wa jiwe la upimaji?

Pili, mji mdogo uko chini ya halmashauri ya wilaya, kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Nyinyi mkinyoosha mikono haijawa sheria. Inapita halmashauri, wananchi wanatangaziwa na kupewa nafasi ya kutoa maoni au pingamizi, mwanasheria wa halmashauri anaipitia, inakwenda kwa Waziri TAMISEMI aisaini, kisha inachapwa kwenye Gazeti la Serikali. Anayetoza faini kabla ya hapo anatoza hewa. Hiyo haraka ya "siku hiyo hiyo" ni ya nini, wakati safari yenyewe ni ndefu hivyo?

Tatu, ule mstari wa miezi sita ufutwe. Mtu aliyejenga wakati sheria haipo hawezi kugeuzwa mkosaji kwa sheria iliyokuja baadaye. Unaweza kusema akiongeza chumba au akijenga upya, sehemu mpya ifuate utaratibu. Zaidi ya hapo mtakuwa mnaandaa kesi.

---

Dada wa Bunju

Huku kwetu Dar walituambia vibali sasa vinaombwa kwenye mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, mtu anakaa nyumbani anajaza. Nilijaza. Ramani ikarudishwa, nikaambiwa michoro haijakamilika. Anayejenga kwa mkupuo ana hela ya kuchora michoro yote hiyo. Sisi tunaojenga tofali tatu tatu kila mshahara, ramani yenyewe tumeipata kwa fundi kwenye karatasi ya daftari. Mwenyekiti ulizia hapo, bei ya huo mhuri kwa mama wa kitongoji chako ni shilingi ngapi? Kama inazidi msingi, hatachora. Atajenga usiku.

---

Nondo na Zege

Mimi ni mhandisi wa ujenzi, baada ya lile tetemeko la 10 Septemba 2016 nilikuwa mmoja wa waliopita nyumba kwa nyumba Bukoba kukagua. Lilikuwa la ukubwa wa 5.9. Kwa nchi zilizozoea matetemeko hilo si la kubomoa mji. Kwetu lilibomoa, na shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya.

Mwenyekiti, niwe mkweli kwako kama mwenye tanuru: tofali ya kuchoma si adui. Nilichokiona mimi ni kuta za mawe na udongo zilizofunguka kama kitabu, na tofali nzuri kabisa zilizopangwa kwa udongo badala ya mota ya saruji. Pembe za nyumba hazikufungamana, kila ukuta ulisimama peke yake. Na ile pembetatu ya ukuta inayopanda mpaka kwenye paa ndiyo iliyokuwa ikidondoka ya kwanza, mara nyingi kwa ndani, kitandani. Nyumba za tofali za saruji zisizo na mkanda wa zege wa kuzifunga kuta nazo zilipasuka. Kwa hiyo kifungu cha "tofali za saruji tu barabara kuu" hakizuii nyumba kuanguka. Kinapendezesha mji ukipita na gari, basi.

Ningekuwa mimi naandika, ningeanza na mkanda. Mkanda wa zege usawa wa lenta, uzunguke nyumba nzima bila kukatika, nondo nne zenye ringi (vyuma vyembamba vya kuzifunga pamoja), na kwenye kona nondo zikunjwe zipishane, zisiishie hapo hapo kama fundi maiko (fundi wa kubahatisha) anavyopenda. Milango na madirisha yasikae kwenye kona. Ile pembetatu ya juu ama ifungwe na mkanda wake, ama iachwe kabisa na paa liwe la kuteremka pande zote nne. Mota iwe ya saruji. Basi! Hayo yanaandikwa ukurasa mmoja na fundi yeyote anayaelewa.

Gharama ipo, sikatai, nondo si za bure. Lakini mtu anayejenga kwa awamu anaweza kujipanga, kwa sababu mkanda unakuja baada ya kozi (mistari ya tofali) kadhaa, si siku ya kwanza.

Jambo ambalo rasimu yako haisemi (au umeruka?) ni nani atakwenda kukagua. Nyumba inatakiwa ionwe msingi ukiwa wazi kabla ya kumwaga zege, kisha nondo za mkanda zikiwa zimefungwa kabla ya kufunikwa. Ukishamwaga hakuna anayejua ndani kuna nini. Mji wenu una fundi sanifu wangapi? Kama ni mmoja na pikipiki haina mafuta, mnapitisha sheria ya kukusanya ada tu.

---

Mzee wa Baraza

Si ndiyo nilichosema?

---

Mpima Ardhi

Nampinga kidogo mhandisi hapo juu. Mkanda ni muhimu, ila mimi ningeanza na njia. Ukuta dhaifu utaongezewa, utabomolewa, utajengwa upya. Njia ikishazibwa na nyumba mbili tatu, ndiyo imezibwa kwa kizazi kizima. Nimefanya urasimishaji wa makazi (kupima na kumilikisha maeneo yaliyojengwa bila mpango) kwenye mitaa ambayo jeneza linapitishwa juu ya ukuta wa jirani. Gari la zimamoto halifiki, la kunyonya choo halifiki, TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, hawana pa kuchonga barabara.

Kwa vibanja vya urithi, hizo mita 3 ni ndoto. Ziandikwe kwa viwanja vipya vilivyopimwa. Kwa makazi ya zamani, kaeni kitongoji kwa kitongoji, muiteni kila mwenye kibanja, mkubaliane njia ipite wapi na kila mmoja aachie kiasi gani. Mkiyaandika na kusaini yatashika kuliko kifungu. Wahaya wanajua kugombea mpaka, lakini wanajua pia kukaa kikao cha ukoo wakayamaliza.

Halafu mwenyekiti, angalieni rasimu yenu isigongane na sheria kubwa. Barabara ya TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) ikipita mjini kwenu, hifadhi yake, yaani eneo lisilojengwa, ni mita 30 kila upande kutoka katikati, tangu Sheria ya Barabara ya 2007. Zamani ilikuwa mita 22.5. Kando ya ziwa au mto ni mita 60, hiyo iko kwenye Sheria ya Mazingira ya 2004. Nimeona mji unampa mtu kibali cha fremu za biashara, mwaka unaofuata anachorewa alama ya X ya kubomolewa. Kibali chenu hakimwokoi.

---

Mjukuu wa Ta Kaijage

Swali la pembeni: X ya kijani na nyekundu zina tofauti gani?

---

Mpima Ardhi

@Mjukuu, ya kijani ni wale waliokuwa nje ya hifadhi ya zamani, upanuzi ukawakuta, hao wana haki ya fidia. Nyekundu umeingia mwenyewe.

---

Wakili wa Kijiwe

Mwenyekiti, umetaja tanuru kwa kupita tu ila kwangu mimi hilo ndilo la kwanza. Kifungu cha kuzuia tofali za kuchoma kinagusa mfuko wako moja kwa moja. Kikao kikianza, kabla hujachangia, simama utamke maslahi yako yaandikwe kwenye muhtasari. Kifungu hicho kikijadiliwa, toka nje au nyamaza, kanuni zenu za vikao zitasema lipi. Usipofanya hivyo, hata hoja zako nzuri za wajane na vibanja zitasemwa ni za tanuru. Mpe mjumbe mwingine hoja ya mhandisi aisome yeye.

Na kabla ya kikao itisha mkutano wa kitongoji. Soma rasimu kwa Kiswahili cha kawaida, kifungu baada ya kifungu, andika wanayosema, peleka muhtasari. Ukiingia na karatasi hiyo mtendaji hatakwambia unapinga maendeleo.

---

Fundi wa Mtaani

Sisi mafundi mnatusema tu lakini hakuna anayetuita kwenye hivyo vikao. Nimejenga nyumba nyingi sana mkoa huu. Mwenye nyumba akikwambia "mkanda acha, hela imeisha", utafanyaje? Ukikataa anamwita mwingine jioni hiyo hiyo. Andikeni kwamba anayeulizwa ni mwenye nyumba pia, siyo fundi peke yake. Mkitufundisha siku mbili tatu tutakuja, ila mtupe chakula.

---

Ramani Mkononi

Fundi kasema kweli. Naongezea kuhusu ule mhuri alioulizia Dada wa Bunju: halmashauri inaweza kuandaa ramani za mfano, nyumba za vyumba viwili na vitatu, zikachorwa na kuidhinishwa mara moja na wataalamu wake, mwananchi akachukua nakala kwa bei ya kurudufu. Mkanda uwe umeshachorwa humo. Wapo wataalamu wa serikali wa utafiti wa nyumba za gharama nafuu, mwombeni mkurugenzi awaandikie. Ghorofa, kumbi, hosteli, nyumba za ibada, hizo zidaiwe michoro kamili na mhuri bila huruma. Kariakoo ghorofa liliporomoka tarehe 16 Novemba 2024 katikati ya jiji, ofisi zote za kukagua zikiwa jirani.

---

Mwenyekiti wa Migombani

Wakuu nimesoma yote, asanteni sana. @Wakili, nitatamka, na kifungu cha tofali atakisemea mjumbe mwenzangu, nimeshaongea naye, yeye hana tanuru wala duka la saruji.

Mkutano wa kitongoji nimeuita Jumapili baada ya ibada. Nikitoka hapo nitapendekeza rasimu irudi kwa wataalamu na mambo manne: miezi sita ifutwe, mita 3 zibaki kwa viwanja vilivyopimwa, mkanda uandikwe kama alivyoeleza mhandisi, na ramani za mfano ziwepo kabla sheria haijaanza kutumika. La njia nitalianza mwenyewe kitongojini bila kusubiri mtu.

@Nondo na Zege, nimeuliza. Fundi sanifu ni mmoja, na anahudumia na kata za nje ya mji.

---

Nondo na Zege

Basi ongeza la tano: ada ya kibali, sehemu yake itengwe kwa ukaguzi, itajwe humo humo. Na mwenye nyumba asipokaguliwa ndani ya siku kadhaa tangu alipotoa taarifa, aruhusiwe kuendelea akiwa na picha za nondo alizopiga kwa simu. Hizo picha zitunzwe kwenye jalada lake.

---

Mama Afya

Samahani nimechelewa kuona uzi. Mimi ni afisa afya. Mmeongea kuta na njia, hakuna aliyegusa choo. Vipande vya mita 12 kwa 20, kila mmoja na shimo lake, na huko kwenu watu wengi bado wanachota kwenye visima na chemchemi. Mwenyekiti, rasimu inasema nini kuhusu karo la choo na umbali wake kutoka kwenye kisima cha jirani? Weka hicho kifungu hapa tukione.