Kongamano la utafiti Tunguu, kesho yake siku ya ajira: nijiandae vipi?

Mwana_wa_Mkoani
Assalaam alaykum wadau. Nipo mwaka wa mwisho SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar). Mwezi ujao nitawasilisha kwa bango la A0, mada ni kufa kwa mwani aina ya cottonii. Siku inayofuata ni siku ya ajira hapohapo Tunguu, Unguja. Bango sijawahi kutengeneza, na nitatokea Pemba kwa boti. Naomba mnielekeze.

Fundi_Mabango
Waalaykum salaam mdogo wangu. A0 ni sentimita 84.1 kwa 118.9. Weka ukubwa huo kabla hujaandika neno, maana ukitengeneza padogo kisha ukakuza, picha zinatoka na ukungu. Picha ya upana wa sentimita 30 itake pikseli 1,800 hivi. Ukiituma kwa WhatsApp, itume kama dokumenti, la sivyo inabanwa.

Kichwa pointi 85, maandishi yasishuke chini ya 24. Maneno 500 yanatosha kabisa. Wengi hubandika tasnifu nzima na hakuna anayesimama kusoma; wewe weka grafu moja kubwa katikati, joto la maji na ukuaji wa mwani, vipimo viandikwe kwenye mihimili. Hifadhi kwa PDF yenye fonti zilizopachikwa, vinginevyo kompyuta ya dukani itabadilisha herufi na mistari itaruka. Kwanza chapisha kwa A4: ukiisoma bila kukodoa macho, A0 itasomeka.

BiTunguu
Bango zuri halikuokoi kwenye maswali. Utaulizwa kwa nini spinosum, ile aina nyingine ya mwani, inahimili pale cottonii inapokufa, na umetenganishaje athari ya joto na ule ugonjwa wa matawi kuwa meupe na kukatika. Na hili usilipuuze: vipimo ulichukua siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, au maji mafu, yanapopwa kidogo? Bamvua maji yanatoka sana, na yanayobaki shambani jua likiwa kali hupata moto haraka. Joto lisiloandikwa siku na saa halina maana kwa mtu anayeijua bahari. Maelezo yako yawe ya dakika tatu, uanze na matokeo.

Kada_Mpya
Siku ya ajira: wasifu kurasa mbili, nakala kumi na tano, na uwe na aina mbili. Wa hoteli na kampuni uanze na unachoweza kufanya. Wa miradi ya bahari uanze na utafiti wako. Vyeti beba nakala tu, asili usimwachie mtu mezani.

Meza za serikali usiende na bahasha ukitarajia kuajiriwa. Nafasi zao hutangazwa na mtu huomba kwa utaratibu wa tangazo. Pale uliza kada yako, yaani aina ya kazi uliyosomea, inaitwaje, inataka sifa gani, na kama wanapokea wa mafunzo kwa vitendo. Ukiondoka kila meza, andika papo hapo jina la uliyezungumza naye na mlichokubaliana, kisha mtumie barua pepe kabla siku mbili hazijapita.

Mwana_wa_Mkoani
Shukran sana. Vipimo vyangu vyote ni vya bamvua. Na bango nichapishe Pemba au mjini?

BiTunguu
Basi liandike hilo kwenye sehemu ya mbinu, na usidai wastani wa mwezi mzima.

Fundi_Mabango
Popote penye mashine ya A0, ila siku mbili kabla, umeme ukikatika uwe na nafasi. Ukichapisha Pemba, livingirishe upande wenye picha ukiwa nje, ulitie kwenye bomba la plastiki lenye vifuniko, na botini ukae nalo ndani. Juu linapata maji ya chumvi. PDF ibaki kwenye flashi na kwenye barua pepe yako.