Mjadala: Kanuni za kuhama kozi chuo kikuu zinamlinda nani?

Mleta mada

Wakuu, habari za wakati huu.

Mwanafunzi ameingia chuo, amekaa na kozi yake muhula mmoja au miwili, akagundua siyo. Anataka kuhama. Ofisi ya usajili inamjibu kwamba dirisha la uhamisho lilikuwa wiki mbili za mwanzo na limeshafungwa, na kwamba hata lingekuwa wazi, alama zake za sekondari hazifiki kiwango cha kozi anayoitaka. Vyuo vingi vina kanuni ya namna hii kwa sura moja au nyingine. Naleta mezani: ni kanuni ya haki?

Niseme msimamo wangu mapema tusizungushane. Sipingi kuwepo kwa kanuni, na hata zikiwa kali sina tatizo. Ugomvi wangu ni kwamba nyingi zinapima kisichohusika.

Chukua hilo dirisha. Ndani ya wiki mbili mwanafunzi hajafanya hata jaribio moja. Anajua nini kuhusu kozi yake zaidi ya ratiba na majina ya wahadhiri? Anayehama wakati huo anahama kwa maneno ya watu, au kwa sababu rafiki yake yuko kule. Anayeomba kuhama baada ya mitihani ya mwaka wa kwanza ana ushahidi mkononi, kwamba hili ameliweza na hili halimwendi. Kanuni inamfungulia wa kwanza na kumfungia wa pili.

Halafu alama za sekondari. Kenya, kwa mfano, wanaopangiwa vyuo kupitia KUCCPS, chombo cha serikali kinachogawa nafasi za vyuo, wakitaka kuhama wanaangaliwa kama alama zao zinafika pale kozi mpya ilipokatia, yaani alama ya mtu wa mwisho aliyepokelewa. Naelewa mantiki yake: asitokee mtu akaingia kwa kozi isiyogombewa kisha akawaruka wenzake. Lakini mtu akishamaliza mwaka mzima wa hisabati ya chuo akiwa na A, kwa nini bado tunamhukumu kwa mtihani alioufanya akiwa mtoto wa shule? Chuo kimemfundisha, kimemtungia mtihani, kimemsahihisha. Kisha kinakataa kuyatumia matokeo yake chenyewe.

La tatu ni fomu. Mliowahi kuishika mnaijua. Saini ya kwanza ni ya mkuu wa idara unayotoka. Ya pili mkuu wa idara unayokwenda, kisha wakuu wa vitivo viwili, mhasibu, mwisho msajili. Yaani unaanza kwa kumtangazia mwalimu wako kwamba humtaki, kabla hujajua kama kule utapokelewa. Kule wakikataa, unarudi kukaa mbele ya yule yule uliyemuaga. Wapo wengi wanaoishia kwenye saini ya kwanza, na hao hawahesabiwi popote kama walionyimwa. Sijawahi kusikia sababu ya maana ya mpangilio huo. Ungegeuzwa tu, apokee kwanza anayepokea, nusu ya hofu ingeisha na wala haigharimu chochote.

La mwisho ni viti. Tunaambiwa nafasi hazipo. Mwaka wa kwanza, sawa. Lakini kila kozi ina waliodisko (walioondolewa chuo kwa kufeli), walioahirisha, walioondoka wenyewe. Mwaka wa pili maabara ile ile ina meza zisizo na mtu. Chuo gani kinatangaza idadi ya nafasi hizo? Pendekezo langu: mwisho wa mwaka wa kwanza kila kozi itangaze nafasi zilizobaki, waombaji washindanishwe kwa matokeo ya chuo, mtu aruhusiwe kuhama mara moja tu. Karibuni.

Mhadhiri

Mleta mada, nimekaa kwenye kamati za uhamisho miaka kadhaa, niruhusu nipinge.

Kiti kinachobaki wazi mwaka wa pili ni kiti cha mwaka wa pili. Anayetoka sosholojia kwenda famasi hawezi kukikalia, hajasoma kemia ya mwaka wa kwanza. Anatakiwa aanzie chini, na huko chini ndiko kulikojaa. Hesabu yako ya meza zisizo na mtu ni tamu masikioni, lakini inamfaa yule tu ambaye tayari amesoma karibu yale yale.

Pia kuna kozi ambazo kauli ya mwisho si ya chuo. Uhandisi, udaktari, sheria, uuguzi, mara nyingi zina bodi au mabaraza ya kitaaluma. Wanakagua mtaala na idadi ya wanafunzi kwa kila mwalimu. Kamati ikiongeza vichwa kwa huruma, ithibati ndiyo inayotikiswa, na hapo wanaumia wote, pamoja na aliyehamia.

Lakini hoja yangu kubwa ni mlango wa nyuma. Leo ikitangazwa kwamba ukisoma botania mwaka mmoja unaweza kuhamia udaktari, kesho botania itajaa watu wasioitaka. Yule anayeipenda kweli atakosa nafasi. Aliyekosa udaktari kwa alama moja akaamua kurudia mtihani atajiona mjinga. Na sisi wa idara ndogo tutafundisha darasa ambalo nusu yake macho yako kwenye tangazo la nafasi. Mnaongelea haki ya anayehama. Wanaobaki nao mnawaweka wapi?

Nyongeza ndogo: sehemu ya maombi yanayofika kwetu ni ya watu wanaokimbia supu, yaani mitihani ya marudio. Amefeli masomo manne, ghafla amegundua kipaji kingine. Akihama na rekodi ikaanza upya, amefuta kufeli kwake kwa fomu.

Mwaka wa pili

Mwalimu, shikamoo. Naomba niongee kama mwathirika.

Mimi sikukimbia supu, sina hata moja. Niko uchumi, nilitaka takwimu. Mwaka wa kwanza nimesoma hesabu, nadharia ya uwezekano, utangulizi wa takwimu. Niliambiwa naweza kupokelewa lakini nianze mwaka wa kwanza, kwa sababu somo la utangulizi wa takwimu la idara yetu lina kodi (namba ya utambulisho wa somo) tofauti na la kwao. Nikaenda kuchukua mihtasari ya masomo yote mawili, nikaiweka pamoja. Mada ni zile zile, kitabu cha kiada ni kile kile, hata idadi ya saa. Kilichotofautiana ni herufi tatu za mbele ya namba. Mtu wa dirishani akaniambia mfumo hausomi.

Kwa hiyo nimebaki. Siyo kwamba nimekubali, nimebaki kwa sababu mwaka mmoja wa ziada ni ada nyingine na chumba kingine. Mwalimu anasema macho ya wengine yako nje ya darasa. Ni kweli, yangu yako nje. Ila sikuyatoa mimi peke yangu.

Mleta mada

Mdogo wangu, pole. Mwalimu, nakushukuru kwa hoja ya viti, maana inatulazimisha kutenganisha vitu viwili ambavyo kanuni zinavichanganya.

Kuna kuhama kwa karibu na kuhama kwa mbali. Uchumi kwenda takwimu, fizikia kwenda uhandisi wa umeme, uhasibu kwenda fedha: hapo masomo mengi ya mwaka wa kwanza yanafanana, na kiti cha mwaka wa pili kinafaa kabisa. Sosholojia kwenda famasi ni kuanza upya, tuite hivyo, na mtu aombe kama mwombaji mpya. Kanuni ya wiki mbili inawatendea hawa wawili sawa. Hiyo ndiyo kasoro.

Kuhusu kodi za masomo, Ulaya wana mfumo wa krediti uitwao ECTS, ulioanza mwaka 1989 kwa ajili ya wanafunzi wa Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi kati ya nchi, kisha ukaenea na mchakato wa Bologna wa 1999, makubaliano ya nchi za Ulaya ya kuoanisha shahada zao. Mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi ya mwanafunzi. Tanzania kipimo ni saa 10 kwa krediti, na mwaka ni krediti 120. Namba hazijalishi, kinachojaliwa ni kwamba somo linapimwa kwa kazi na kwa matokeo ya kujifunza. Hata Ulaya chuo kinachopokea ndicho chenye uamuzi, lakini angalau kinapaswa kuangalia kilichofundishwa. Kwetu anayeangalia ni nani? Mfumo wa kompyuta.

Suala la kufuta kufeli naliona jepesi. Matokeo yote yabaki kwenye transkripti, ya kozi ya zamani na mpya. Na mwenye masomo ya kurudia ayamalize kwanza ndipo aombe.

Mlango wa nyuma sio mwepesi, nakiri una uzito. Ila tazama Ufaransa. Tangu 2020 mtu anaweza kusoma shahada nyingine kabisa, sheria au biolojia au saikolojia, akiwa na masomo ya afya pembeni, kisha akashindania nafasi ya udaktari. Njia hiyo inaitwa LAS. Iko wazi, ina masharti, kila mmoja anaijua kabla hajaingia, na majaribio yana kikomo cha mara mbili. Mlango ukiandikwa kwenye kanuni kwa wote hauwi tena wa nyuma.

Mhadhiri

Na unajua jinsi Wafaransa wenyewe wanavyoulalamikia huo mfumo. Wanafunzi wanabeba mizigo miwili kwa pamoja, vyuo vinatofautiana, wazazi hawaelewi njia ipi ni ipi. Usituletee dawa bila kusoma karatasi ya ndani ya boksi.

Hata hivyo kuna kitu wamefanya ambacho nakikubali: aliyefaulu masomo yake akakosa udaktari anaendelea na shahada ile nyingine. Hapotezi mwaka.

Mzazi

Wanangu, mmeongea ya vitivo na krediti, sijasikia anayelipa. Mimi ndiye ninayelipa. Mtoto akiniambia anahama na kuanza upya, mimi ninasikia miaka minne imekuwa mitano. Na wadogo zake wapo nyuma wanasubiri zamu.

Mwenye mkopo hali yake ni ngumu zaidi. Mkopo umepangwa kwa kozi fulani na kwa miaka fulani. Je, ukibadili kozi, mwaka wa ziada unalipwa na nani? Mkijibu hilo ndipo mnishawishi. Mengine yote ni ya wenye uwezo.

Mleta mada

Mzee wangu, hapo ndipo penye kufuli lenyewe. Chuo kinaweza kulegeza kanuni zake zote na bado mtu asihame, kwa sababu mkopo haukuhama naye.

Lakini si lazima iwe hivyo. Uingereza, hesabu ya mkopo wa ada ni urefu wa kozi kuongeza mwaka mmoja, ukitoa miaka uliyokwisha kusoma. Mwaka ule wa nyongeza ndio unaomruhusu mtu kukosea mara moja. Akikosea tena, anajilipia. Ujerumani, chini ya BAföG, sheria ya msaada wa fedha kwa wanafunzi iliyoanza mwaka 1971, anayebadili fani mara ya kwanza na mapema huwa hasumbuliwi sana kuthibitisha sababu. Akichelewa, sababu lazima iwe nzito kweli kweli. Kote huko serikali imeshaweka makosa ya vijana kwenye bajeti, ikayawekea mpaka.

Tena makosa hayo si ya watu wachache. Takwimu za serikali ya Marekani kwa walioanza chuo mwaka wa masomo 2011/12 zinaonyesha kwamba karibu theluthi moja ya waliokuwa kwenye shahada ya kwanza walibadili fani ndani ya miaka mitatu. Walioanza na hisabati ndio waliongoza, asilimia 52. Na kule vyuo vingi vinampa mtu hadi mwisho wa mwaka wa pili kutaja fani yake. Sisemi tuige. Nasema hata aliyepewa muda wa kutosha bado hubadilika.

Mdau mwingine

Mnazunguka. Kosa liko kwenye kumchagulisha mtu wa miaka kumi na nane kozi yenye jina refu kuliko uelewa wake. University of Melbourne ya Australia walianza mfumo tofauti 2008: shahada chache za mwanzo zenye wigo mpana, udaktari na sheria vikasogezwa ngazi ya juu. Anayetaka udaktari anakuja baadaye, amekua.

Mzazi

Amekua, na mimi nimezeeka nikilipa.

Mhadhiri

Mzee amemaliza.

Nirudi kwa kijana wa takwimu, maana yeye ana jambo linaloweza kushughulikiwa wiki hii. Usiende tena dirishani, pale hawana mamlaka ya kulinganisha masomo. Andika barua kwa kamati ya taaluma ya kitivo unachokwenda, ambatisha mihtasari yote miwili na matokeo yako, omba somo litambuliwe. Usiombe uhamisho kwanza, omba utambuzi wa somo. Wakikukubalia hilo, hoja ya kuanza mwaka wa kwanza imekatika mguu.

Kwa mleta mada: kwenye mpangilio wa saini na kuhama kwa karibu tuko pamoja, na nitalipeleka la saini kwenye kikao. Kwenye udaktari bado sijashawishika, na huo mwaka wa nyongeza wa mkopo sijaona ni nani atautoa.

Mwaka wa pili

Marahaba Mwalimu, samahani, asante Mwalimu. Naandika barua leo. Ila naomba kuuliza: wakilitambua somo moja wakakataa hesabu, naanza tena kwenye saini ya kwanza?

Mhadhiri

Kwa kanuni za sasa, ndiyo.