Kama uzuri wa chombo umo katika kutumika, kwa nini Yanagi alikiweka makumbusho?

Msomaji wa Usiku aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimekuwa nikisoma fikra za Yanagi Sōetsu (1889–1961), mwanafalsafa wa Japani ambaye mwaka 1925, pamoja na wafinyanzi Hamada Shōji na Kawai Kanjirō, alianza kutumia jina la mingei kwa kazi za mikono za watu wa kawaida: mabakuli ya wali, vitambaa, vikapu na birika ambavyo mafundi wake hawakutia sahihi wala kutarajia sifa. Anashikilia kwamba uzuri wa kweli umo humo, kwa kuwa vyombo hivyo vilitengenezwa kwa wingi na kwa bei nafuu ili vitumike kila siku, na mkono uliokwisha kuizoea kazi hauna tena haja ya kujionyesha. Kinachonitatiza ni kwamba mwaka 1936 yeye mwenyewe alifungua jumba la makumbusho mjini Tokyo na kuviweka vyombo hivyo mahali ambapo hakuna anayevitumia kulia wala kunywea. Je, hapo hakuipinga falsafa yake mwenyewe?

Mwalimu Mstaafu alijibu:

Ndugu muulizaji, nadhani jibu linaanzia kwenye dini kabla ya kufika kwenye vyombo. Yanagi aliathiriwa sana na madhehebu ya Jodo ya dini ya Buddha, ambayo hufundisha kwamba mtu wa kawaida, asiye na elimu wala nguvu ya kujiokoa, huokolewa kwa nguvu isiyo yake. Fundi wa kijijini alimwona kwa jicho hilohilo: si lazima awe na kipaji cha pekee, maana udongo wa mahali pake, desturi za waliomtangulia na mahitaji ya jirani zake humbeba mpaka kazi yake ikawa nzuri bila yeye kuukusudia uzuri.

Mwaka 1931 alionyeshwa bakuli la chai liitwalo Kizaemon, ambalo limehifadhiwa katika hekalu mjini Kyoto na leo ni hazina ya taifa la Japani. Lilitoka Korea, na yeye aliliona kuwa ni bakuli tu la wali la mtu maskini, ambalo mabingwa wa sherehe ya chai ya Kijapani walilitambua kwa macho yao kabla halijawa na sifa yoyote. Ndiyo maana katika makumbusho yake maelezo ya maandishi ni machache mno. Alitaka mgeni aone kwanza, ajue baadaye. Tena tusisahau kwamba bidhaa za viwandani zilikuwa zinavisukuma nje vyombo hivi. Kwa hiyo sioni kwamba aliipinga falsafa yake, kwani alikuwa akiwafundisha watu kuchagua vyombo vya kurudi navyo jikoni.

Mwana wa Ziwani alijibu:

Nakubaliana na Mwalimu kuhusu matumizi, lakini kuhusu fundi asiye na jina nina pingamizi. Nimekulia Kyela, ambako vyungu vya akina mama wa Kikisi wa Ikombe, karibu na Matema kando ya Ziwa Nyasa, vinajulikana tangu zamani. Mama anayenunua chungu hukigonga kwa kidole asikilize mlio, hukipima unene kwenye mdomo, na mara nyingi humtaja aliyekifinyanga, kwa sababu cha mwaka jana cha mkono uleule kilistahimili moto na cha mwingine kilipasuka. Jina lipo, nalo ni sehemu ya ubora wenyewe. Hupotea pale chungu kinapofika kwa mkusanyaji aliyetoka mbali, asiyeuliza. Hamada naye aliacha kutia sahihi kazi zake, lakini mwaka 1955 serikali ya Japani ilimtambua kuwa hazina hai ya taifa, yaani cheo cha heshima kwa fundi bingwa, na kila mnunuzi alijua anachokinunua ni cha Hamada. Mfinyanzi wa Korea aliyefinyanga bakuli la Kizaemon hakupewa nafasi hiyo.

Binti Msanifu alijibu:

Naongeza jambo moja kuhusu Korea, ambayo Japani iliitawala kuanzia 1910. Mwaka 1922 Yanagi aliandika hadharani kupinga kubomolewa kwa Gwanghwamun, lango la kasri la kifalme mjini Seoul, na 1924 alifungua huko makumbusho ya sanaa za watu wa Korea. Huo ulikuwa ujasiri, na anastahili heshima kwa hilo. Hata hivyo aliueleza uzuri wa Kikorea kuwa ni uzuri wa huzuni, na baadaye wasomi wa Korea walimpinga vikali, wakisema kwamba amewapaka huzuni watu wenye vicheko, ngoma na rangi nyingi.

Msomaji wa Usiku:

Nawashukuru nyote. Hoja ya Mwana wa Ziwani ndiyo iliyonigusa zaidi, kwa sababu inaonyesha kwamba mtumiaji wa kila siku anajua mambo ambayo jicho peke yake, hata likiwa la Yanagi, haliwezi kuyaona: mlio, uzito, uimara motoni na mwenye mkono. Mwalimu, hapo ndipo nabaki na shaka juu ya kuona kwanza na kujua baadaye. Mama wa Kyela anajua kwanza, na sidhani kwamba kwa kujua huko anauona uzuri wa chungu chake kwa upungufu.