Mzee anauza korosho kangomba kabla ya mnada, nyumbani hakukaliki

mtoto_wa_newala

Wakuu habari za jioni. Mimi kwetu Newala ila nipo Dar natafuta maisha, wazee wako kijijini. Mzee ana ekari kama nane za mikorosho, mingine ya zamani aliachiwa na mjomba wake na mingine kapanda mwenyewe miche ya kituo cha utafiti cha Naliendele, kwahiyo sio kwamba hana kitu. Shida ni kila mwaka ikifika mwezi wa nane wa tisa hela inakata kabisa, vibarua wa kufyeka wanadai, mdogo wetu yuko fomu tatu kapangishiwa geto karibu na shule mwenye nyumba anataka kodi, ndo hapo anakuja jamaa na pikipiki usiku usiku hela taslimu mkononi mzee anampimia korosho kwa bakuli, ndo kangomba yenyewe hiyo, kuuza kimya kimya nje ya mnada. Na bakuli lenyewe linajazwa mlima mpaka zinamwagika, halafu kwenye hesabu linaitwa kilo moja. Mnada ukianza mwezi wa kumi wenzake wanapeleka magunia AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, yeye anapeleka viroba.

Mwaka huu bi mkubwa kagoma. Kasema haokoti tena korosho za kwenda kangomba na kweli haendi shamba, zimelala chini ya miti mabibo yameanza kuozea hapo hapo. Mzee ananipigia mama yenu ananidharau, nikikata mama nae anapiga anasema muulize baba yako hela ya mwaka jana iko wapi. Dada yangu anasema tuwaache wamalizane wenyewe. Naombeni ushauri hasa watu wa kusini, nimtumie mzee hela aachane na huyo jamaa au ninyamaze?

Kiroba Cha Mihogo

Bi mkubwa apewe uenyekiti wa AMCOS haraka sana 😂😂

mkulima_tdh

Kiroba acha utani mwenzio ana jambo.

Mkuu mimi nipo Tandahimba nalima, sio wa kusimuliwa. Msimlaumu mzee haraka. Mkorosho unakula hela miezi ambayo hauleti hela. Kuanzia mwezi wa sita maua yanatoka na ugonjwa wa ubwiriunga nao unaingia, usipopuliza salfa maua yanakuwa kama yamepakwa unga yanakauka huna msimu tena. Na hupulizi mara moja ukalala, unarudia kila baada ya wiki mbili tatu. Salfa ya ruzuku siku hizi tunapata kwa waliosajiliwa sawa, ila mashine ya kupulizia unakodi, petroli unanunua, kijana wa kupuliza analipwa siku hiyo hiyo. Hiyo hela mkulima anatoa wapi wakati ya msimu uliopita ilishaliwa toka mwezi wa tatu? Benki hawakujui, jamaa wa pikipiki anakujua mpaka jina la mama yako.

Halafu kuna kitu nyie mlioko mjini mmesahau. 2018 mnadani walikuja na bei za 1,900 mpaka 2,700 tukagoma, Magufuli akasema serikali itanunua 3,300 na jeshi likaja kusomba mzigo. Bei nzuri hakuna anayebisha, lakini ukiwa na zaidi ya tani moja na nusu unahakikiwa kwanza kama mzigo ni wako au ni wa kangomba, na wapo waliosubiri hela yao mpaka mwaka mwingine ukaingia. Wale waliouza kwa bakuli walikuwa wameshakula na kusahau. Wazee wa rika la baba yako wakisikia neno subiri wanakumbuka ile. Ndo maana hata msimu wa 2024/25 mnada wa kwanza bei imepita 4,000 kwa kilo bado kuna watu walikuwa wameshauza gizani.

Binti Makonde

Umeongea vizuri kaka ila mbona mama hujamtaja hata sehemu moja. Korosho inaokotwa na nani? Mama anaamka giza, anainama mche mpaka mche, anaitoa kwenye bibo moja moja, anaanika juani siku mbili tatu anazigeuza, anachambua mbovu na zile changa maana zikichanganyika mzigo unashushwa daraja la pili. Akimaliza yote hayo hela inaingia kwenye akaunti yenye jina la mzee na ujumbe unaingia kwenye simu ya mzee. Mimi namuelewa kabisa kugoma.

mtoto_wa_newala ushauri wangu, mzee amkatie mama sehemu ya shamba, hata ekari mbili, na asajiliwe AMCOS kwa jina lake na akaunti yake. Kwa mama yangu tulifanya hivyo, baba alinuna msimu mzima, ila ada za wadogo zetu toka hapo zinatoka kwenye ile mikorosho ya mama. Na sisi huku kwetu ardhi ilikuwa inafuata upande wa mama toka zamani, hao wazee wasijifanye wageni.

babu_wa_masasi

Ukimtumia hela mkononi msimu ukifika anaongeza mke wa pili, mtakuja kuniambia. Halafu kangomba ni kosa, siku akikamatwa na mzigo usiku ndo mtaelewa

mtoto_wa_newala

Babu umenichekesha ila ya mke wa pili ilishawahi kutajwa tajwa pale nyumbani 😅

Nimewasoma wote, shukrani. Nimeongea na dada, mimi nabeba kodi ya geto la dogo nailipa moja kwa moja kwa mwenye nyumba, dada atakodi mashine ya kupulizia mwakani mwezi wa sita, hela haipiti kwa mzee. Hapo mzee amekubali haraka mpaka nikashangaa. La kumkatia mama ekari ndo kakasirika, anasema mnataka kunizika nikiwa hai, nimemwachia mjomba aende kuongea nae maana mjomba ndo anamsikiliza. Mama kasema akiona jina lake kwenye karatasi ataokota.

Tatizo limebaki jamaa wa pikipiki. Kumbe mzee alishachukua hela yake toka mwezi wa saba, wakati huo korosho zilikuwa hazijadondoka hata moja.

mkulima_tdh

Hilo nililihisi. Mliandikishana popote?

mtoto_wa_newala

Kwenye daftari la jamaa mwenyewe, na mzee kaweka dole gumba.

mkulima_tdh

Basi mjomba akienda aanze na hilo daftari kabla ya mambo ya ekari. Amwambie jamaa deni atarudishiwa hela, sio korosho, malipo ya mnada wa kwanza yakiingia, na waandikishane upya mbele ya mtendaji wa kijiji. Atakubali tu, maana akileta ubishi kwa mtendaji itabidi aeleze ile hela ilikuwa ya nini.