Tupeane uzoefu: kazi za likizo na za muda kwa wanachuo wa Kigoma na Tabora

Mtoto wa Isevya

Wakuu, mwangaluka.

Vyuo vinakaribia kufungwa, na kuanzia hapo hadi Oktoba au Novemba boom (pesa ya mkopo ya kujikimu) hakuna. Ile 10,000 kwa siku ya chakula na malazi inahesabiwa kwa siku za masomo. Likizo ndefu ukiwa nyumbani unakula sufuria ya mama, na wengi wetu tuna wadogo ambao wakimwona kaka karudi kutoka chuo wanamtazama mikono.

Mada za kazi za wanachuo ninazozisoma zote ni za Dar: supamaketi, kol senta, kusambaza vyakula kwa pikipiki. Huku kwetu hizo hazipo au ni chache mno. Lakini kazi zipo, na naamini kabisa likizo yetu imeangukia pazuri kuliko ya wenzetu: ni kiangazi, tumbaku iko sokoni, asali inavunwa, watoto wa madarasa ya mtihani wanahangaika na watafiti wanamiminika kwa sababu barabara zinapitika. Shida ni kwamba tunashuka kwenye treni ndipo tunaanza kuuliza.

Kwa hiyo kila mmoja aseme: kazi gani, uliipataje, mlikubaliana nini, na pesa uliishika lini. Hilo la mwisho nalisisitiza.

Naanza mimi. Tuisheni. Darasa la saba wanafanya mtihani Septemba, kidato cha pili na cha nne Novemba, kwa hiyo Agosti wazazi wanatafuta mwalimu wa Hesabu na Fizikia kama dawa. Mara ya kwanza nilifundisha kwenye kituo kimoja hapa Tabora mjini kwa ahadi ya asilimia ya ada. Mwisho wa mwezi mwenye kituo akasema wazazi hawajalipa. Wazazi hao hao nakutana nao sokoni, wananishukuru, wananiambia walishamaliza ada tangu wiki ya kwanza. Likizo iliyofuata nikaomba sebule ya jirani, nikakusanya watoto wa mtaa, mzazi analipa kila Jumatatu kwa wiki inayoanza. Hakuna mzazi aliyelalamika. Kwa wiki moja ni hela ndogo, kwa mwezi mzima ndiyo inawashinda. Darasa la saba wakimaliza mtihani usiwaache waende: hao hao wanarudi kusoma Kiingereza na Hesabu za kujiandaa na kidato cha kwanza.

Kijana wa Katubuka

Mkuu, hapa umenigusa. Mimi ni wa Kigoma mjini, nasoma Dodoma.

Mwaka 2024 nilipanga likizo yote niifanye ya dagaa. Kununua Katonga au Kibirizi, kukausha, kupakia basi, kuuza kwa kisado hosteli. Hesabu zilikuwa nzuri. Ila mwaka ule Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mimi nafika nyumbani Julai, mwaloni, wanakoshushia samaki, kumetulia, mitumbwi imelala mchangani. Akina mama wanaokausha dagaa walikuwa wanauza nyanya.

Kilichoniokoa ni mama mdogo. Yeye hupita ofisi ya kata kila anapokwenda sokoni Mwanga na anasoma ubao wa matangazo. Miezi ya nyuma aliniambia wanatafuta watu wa kuandikisha wapiga kura, nikatuma barua na vyeti kabla hata sijafunga chuo. Uboreshaji wa daftari ulizinduliwa Kigoma tarehe 20 Julai mwaka huo, sisi tukiwa wa kwanza nchini pamoja na Tabora na Katavi. Nikawekwa kwenye mashine ya alama za vidole na picha. Kazi yenyewe ni ya wiki moja tu na inachosha: foleni inaanza alfajiri, betri inaisha, wazee ambao vidole vimesuguliwa na jembe hadi mashine haisomi, unarudia na kurudia huku ukimwambia "pole mzee, jaribu hiki cha pili". Niliipenda. Mafunzo nayo yalilipwa, jambo ambalo watu wengi hawalijui wanapodharau kazi za muda mfupi.

Zile pesa ndizo zikawa mtaji wa dagaa. Lakini sikilizeni hili kwa wanaotaka biashara hii. Ziwa lilifunguliwa tarehe 15 Agosti, na watu wakakimbilia mwaloni siku hiyo hiyo. Mwezi ulikuwa unakaribia kujaa, ulijaa tarehe 19. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa dagaa hawafuati taa, na wavuvi wengi wanapumzika. Waliopakia haraka walinunua kidogo kwa bei ya juu. Bibi yangu wa Ujiji alinizuia, akasema ngoja giza. Nilingoja, nikanunua mzigo mwezi ulipokuwa umepungua.

Na nunua waliokaushwa kwenye vichanja. Wa mchangani ni rahisi, ila mwenzako hosteli akitafuna mchanga mara moja harudi tena. Nauza kwa kikombe, si kwa kilo, kwa sababu mwanachuo ana hela ya leo tu.

Dada wa Kasulu

Nawasalimu ndugu zangu.

Kazi yangu ni kukusanya takwimu. Watafiti wanaokuja Kasulu, Kibondo na Buhigwe wanahitaji wasaili wanaojua Kiha, kwa sababu ukimhoji bibi wa kijijini kwa Kiswahili cha ofisini atakujibu "ndiyo" kwa kila kitu. Dodoso liko kwenye simu au kishikwambi, unajaza kwa mkaaji wa kaya, jioni unatuma. Kiha na Kirundi vinasikilizana, kwa hiyo hata kazi za kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu zinatufaa, ingawa kule huingii bila kibali na kibali kinashughulikiwa na anayekuajiri.

Ninachotaka mshike ni namna ya malipo. Kuna wanaolipa kwa siku na kuna wanaolipa kwa dodoso. Kwa dodoso inasikika nono mkiwa ukumbini. Kisha unapelekwa kijiji ambacho kaya zimetawanyika, unatembea asubuhi nzima kwa kaya mbili, ya tatu mama yuko shamba. Mimi siku hizi nauliza kwanza orodha ya vijiji, ndipo naongelea pesa. Vijiji vya mbali, nataka kwa siku na nauli juu yao. Kiongozi wa timu mmoja alinuna kidogo, akakubali.

Mdau wa Urambo

Tumbaku. Nilikuwa karani kwenye chama cha msingi cha ushirika wa wakulima, nasaidia siku za soko. Robota (furushi la tumbaku) linapanda mizani, mteuzi anataja daraja la ubora, mimi naandika namba ya mkulima, daraja na kilo. Kazi ni ya uangalifu sana: ukikosea herufi moja ya daraja umemwibia mzee jasho la mwaka mzima, kuanzia kitalu hadi bani la kukaushia. Nilikuwa namsomea mkulima kwa sauti kila nilichoandika kabla robota halijashushwa. Wengine waliona napoteza muda. Wazee waliniheshimu kwa hilo na bado wananiita mwalimu.

Sasa pesa. Mnunuzi anakilipa chama, chama kinakata madeni ya pembejeo, ndipo na sisi tunakumbukwa. Soko lilifanyika Julai, mimi nililipwa chuo kimeshafunguliwa, tena baada ya baba kwenda kunidaia. Atakayeomba kazi hii aulize mapema: posho ya siku ya soko inatoka siku hiyo, au inasubiri mnunuzi?

Mtoto wa Isevya

Asante sana mdau. Kuna mtu anajua sheria inasemaje kwa mtu kama huyu wa miezi miwili? Tunaambiwaga "wewe ni wa muda tu, huna haki".

Afisa Utumishi, Tabora

Wanangu, hiyo kauli si kweli. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haisemi kwamba wa muda hana haki. Saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ziada, inalipwa mara moja na nusu. Kazi ya usiku ina nyongeza ya asilimia 5. Mwajiri anatakiwa akupe maelezo ya kazi kwa maandishi: kazi gani, wapi, saa ngapi, malipo kiasi gani. Wanaobaki nje ya kifungu hicho cha maandishi ni wale wanaomfanyia mwajiri chini ya siku 6 kwa mwezi.

Ukidhulumiwa mshahara, peleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 60. Ukiachishwa isivyo halali ni siku 30. Wanachuo wengi wanakuja kuniuliza Desemba habari za Agosti, na muda umekwisha.

Kama bosi hataki kuandika, mtumie wewe ujumbe wa simu jioni ile ile: "Shikamoo mzee, kama tulivyokubaliana, naanza Jumatatu, malipo ni kiasi fulani kila Ijumaa." Akijibu "sawa", usiufute.

Mfuga Nyuki wa Sikonge

Kwa wanaotaka kuuza asali chuoni: nunueni iliyotoka kwenye masega yaliyofunikwa nta. Isiyokomaa ina maji mengi, inachacha kwenye ndoo, na mteja atasema mmechanganya sukari. Ya nyuki wadogo ina bei yake, pakieni kwenye chupa ndogo.

Binti wa Gungu

Mimi nyumbani Kigoma ila chuo niko Tabora, kwa hiyo nitasema ya wakati wa masomo. Steshenari jirani na chuo, jioni kuchapa na kubaindi. Miezi ya ripoti za utafiti tunafunga usiku sana. Mama mwenye duka ananilipa kwa jioni, na alikubali tangu mwanzo kwamba wiki za mitihani sifiki, anamweka mdogo wake. Bila sharti hilo nisingeshika kazi.

Dada wa Kasulu, samahani, nikiwa nyumbani likizo hii nawapataje hao watafiti? Kiha nakijua vizuri.

Dada wa Kasulu

Mdogo wangu, usisubiri tangazo. Andaa wasifu wa ukurasa mmoja, lugha unazozungumza ziwe juu kabisa, chini yake wilaya unazozifahamu. Watafiti hupita halmashauri kujitambulisha kabla ya kwenda vijijini, kwa hiyo nakala moja acha kwa afisa maendeleo ya jamii wa wilaya, nyingine kwa mtendaji wa kata yako. Peleka kabla ya Juni kwisha, na simu yako iwe hewani.