Naombeni ushauri: vidoti vyeusi kwenye picha, nimefuta lenzi havitoki

Kivuli77: Wakuu, habari za muda huu. Nina kamera ya kubadilisha lenzi, picha zote zinatoka na vidoti vyeusi, hasa angani. Lenzi nimeifuta mpaka inang'aa. Kesho kutwa nina harusi ya kupiga, usingizi sina. Nifutie dawa gani?

MzeeWaLenzi: Mkuu, achana na lenzi. Vumbi la mbele ya lenzi huwa halitoi kidoti chenye umbo. Weka lenzi nyingine. Vidoti vikibaki palepale, vumbi liko kwenye kile kioo chembamba kinachofunika sensa, yaani sehemu ya ndani ya kamera inayonasa picha. Piga ukuta mweupe kwa ISO 100 (wepesi mdogo wa kunasa mwanga) na f/22 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi linakuwa dogo), lenzi isilenge vizuri, utikise kamera wakati shata, lile pazia la mbele ya sensa, iko wazi. Ukuta utavurugika, vumbi litabaki limetulia kwa sababu linakwenda na kamera.

MamaAlbamu: Pole mwanangu. Harusi ya mdogo wangu, kila picha ilikuwa na doa juu ya shela. Tukamlaumu aliyeipiga pasi! Mpaka leo mdogo wangu hataki kuifungua ile albamu. Ukichukua kazi ya watu, kagua vifaa mapema.

BwanaBetri: Vya angani waambie maharusi ni ndege wamekuja kuwapongeza 😂

DadaShata: Mtoa mada, umefuta lenzi tu? Ndani hujagusa?

Kivuli77: Ndani nilipitisha kidogo ncha ya fulana safi, baada ya kuhemea kile kioo. Lakini taratibu sana, na muda ulikuwa unanibana. Nimeshaandaa na dawa ya kuondoa rangi ya kucha nimalizie, maana inakauka haraka.

MzeeWaLenzi: Hiyo dawa iweke mbali kabisa! Inakula plastiki. Na fulana ikiburuta chembe ngumu juu ya kioo, inachora. Mchoro haufutiki.

DadaShata: Kamera ni yako?

Kivuli77: Nimeazima. Ila sioni haja ya kumsumbua mwenyewe, nitairudisha ikiwa safi. Na huenda vilikuwepo tangu kwake. Halafu mbona picha za ndani nilizopiga juzi hazina hata kidoti kimoja?

MkweliDaima: Wakuu, hii chai. Mwanzo picha zote zina vidoti, sasa za ndani hazina. Vumbi linachagua chumba? Mnapoteza muda.

DadaShata: Siyo chai, hapo ndipo ametaja ugonjwa bila kujua. Ndani mwanga ni hafifu, tundu la lenzi linafunguka. Mwanga unalifikia vumbi kutoka pembe nyingi na kivuli chake kinayeyuka. Nje kwenye jua tundu linakuwa dogo, kivuli kinakaza. Kivuli77, tazama taarifa za picha zako, namba ya f ni ngapi?

Kivuli77: Ndani f/2.8. Nje f/16.

MkweliDaima: Sawa. Picha ya ukuta iko wapi?

Kivuli77: Nimeiweka hapo chini. Nimehesabu vidoti tisa, na doa moja kama pete, juu kulia.

MzeeWaLenzi: Nimeiona. Jaza betri kwanza, kisha chagua kwenye menyu kusafisha sensa ili shata ibaki wazi. Betri ikikata, itajifunga. Elekeza mdomo wa kamera chini, puliza kwa pampu ya mpira, ncha isiingie ndani. Kopo la hewa hapana, linaweza kutema kimiminika. Picha hutua kwenye sensa kichwa chini, kwa hiyo kidoti cha juu kitafute chini. Kulia na kushoto, ukiitazama kwa mbele, ni vilevile. Ile pete nadhani ni unyevu wa pumzi uliokauka. Inataka kijiti maalumu chenye upana wa sensa na matone mawili ya dawa yake. Hicho usikishike mpaka mwenye kamera akubali.

Kivuli77: Nimepuliza mara tatu. Vidoti vimebaki viwili. Pete ipo, na pembeni yake kuna mstari mwembamba kama unywele ambao sikuuona mwanzo. Nimempigia mwenye kamera. Kabla sijafika mbali akaniuliza, "Umefuta na nini?"

MamaAlbamu: Ukamwambia?

Kivuli77: Nimemwambia fulana. Kasema nimpelekee leo leo, na nisiifungue tena.